Oili ya sintetiki kwa IST ya 2004 yenye kilomita 187,000: 5W-30, 5W-40 au nibaki na 20W-50?

Kiboko_NCP61

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaozijua injini.

Gari ni Toyota IST ya 2004, NCP61, injini 1NZ-FE ya 1.5, otomatiki. Dashibodi inasoma 187,000. Safari zake ni Mbezi Mwisho hadi Posta siku tano kwa wiki, foleni kama mnavyoijua, na kila baada ya miezi miwili hivi linapanda Iringa. Tangu linunuliwe limekuwa likiwekewa 20W-50 ya kawaida kila kilomita 3,000.

Hali yake: asubuhi likiwashwa kuna mlio wa kakaka wa sekunde mbili tatu, kisha unatulia. Kava ya valvu ina unyevu wa oili lakini hakuna tone linaloanguka chini. Moshi wa bluu sijauona. Oili inapungua kati ya sevisi na sevisi, ila kiasi gani sijapima. Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma P1349, ikafutwa, haijarudi.

Nataka kuhamia sintetiki. Fundi mmoja anasema sintetiki "itaosha" injini na kuanza kuvuja kila kona. Mwingine anasema niweke 0W-20 kama Wajapani. Dukani nimeonyeshwa 5W-30, 5W-40, 10W-40 na nyingine iliyoandikwa "High Mileage". Nichukue ipi, na nihame vipi bila kuharibu?

Spana14

Mkuu, anza na hiyo P1349, ndiyo inayosema mengi kuliko namba ya dashibodi. Kod hiyo kwenye Toyota za miaka hiyo inahusu mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga. Gia ya VVT-i kwenye kemshafti haisukumwi na umeme. Inasukumwa na oili yenyewe. Solenoidi inafungua njia, oili inapita kwenye kichujio kidogo cha wavu, inaingia kwenye gia na kuizungusha nyuzi kadhaa mbele au nyuma. Kompyuta inaamuru, kisha inapima kama gia imefika kwa wakati. Oili ikiwa nzito mno injini ikiwa bado ya baridi, au kichujio kikiwa kimejaa tope, gia inachelewa na taa inawaka. Mlio wa asubuhi nao ni wa ukoo huohuo: kikaza cheni ya taimingi kinategemea presha ya oili, na mpaka oili nzito ifike huko juu cheni inapiga.

Sasa namba zenyewe. Kwenye 20W-50, ile 20W ni tabia ya oili ikiwa baridi, na 50 ni uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari) kinasema namba 30 iwe na uzito kati ya 9.3 na 12.5 (kwa cSt, yaani ugumu wa oili kutiririka) kwenye nyuzi 100, namba 40 kati ya 12.5 na 16.3, na namba 50 kati ya 16.3 na 21.9. Watu wanasema Dar hakuna baridi, kwa hiyo herufi W haituhusu. Si kweli. Kwa injini, nyuzi 25 za asubuhi ni baridi. Kwenye nyuzi 40 tu, 5W-30 ya kawaida huwa na uzito wa karibu 60, wakati 20W-50 iko karibu 160. Ni tofauti ya zaidi ya mara mbili na nusu, na kwenye nyuzi 25 pengo linazidi kupanuka. Sehemu kubwa ya kusagika kwa injini hutokea kabla haijapata moto, na gari lako linaanza kwenye hali hiyo kila asubuhi.

1NZ-FE ilitengenezwa kwa 5W-30, na 10W-30 inakubalika. 20W-50 si chaguo lake la kwanza. Ilizoeleka kwa sababu inafunika mlio na kupunguza uvujaji, basi.

Pendekezo langu: 5W-30 ya sintetiki, API (daraja la ubora la Marekani) SN au SP. Lakini soma mgongo wa galoni, kwa sababu kuna 5W-30 za aina mbili. Iliyotengenezwa kwa ajili ya kuokoa mafuta ina kiwango cha chini cha 2.9 kwenye kipimo cha HTHS, yaani uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 150 huku inasagwa kwa kasi, kama inavyokuwa ndani ya beringi. Yenye ACEA (kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya) A3/B4 au C3 inatakiwa isishuke chini ya 3.5. Zote mbili zimeandikwa 5W-30 mbele. Kwa injini ya umri huu, ile ya 3.5 ni kinga nzuri zaidi na bado inafika juu haraka asubuhi. Ukiikosa, 5W-40 yenye A3/B4 ipo kila mahali na itafanya kazi hiyohiyo.

Limuru254

Niongeze kuhusu 0W-20, kwa kuwa huku Nairobi pia watu wengi wanaulizia. Si sumu kwa 1NZ. Hata Japani magari ya miaka ya mwisho yenye injini hiyo yalikuwa yakitumia 0W-20. Shida ni kwamba HTHS yake ya chini kabisa ni 2.6. Injini mpya yenye nafasi ndogo kati ya beringi na kranki haina taabu nayo. Injini iliyozunguka kilomita laki mbili, imesimama kwenye foleni, feni inawaka na kuzima, presha ya oili kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) imeshashuka kwa uchakavu. Hapo unaondoa akiba uliyobaki nayo ili uokoe mafuta kidogo sana. Na 0W ni ya nchi zinazofika nyuzi 35 chini ya sifuri. Limuru mwezi wa saba ni baridi, Makete pia, lakini 5W inawasha injini mpaka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Huihitaji zaidi ya hapo popote Afrika Mashariki.

Pima_Kwanza

Mimi nawapinga kidogo. Mnamchagulia oili kabla hamjajua injini inakula kiasi gani. Kilomita 187,000 ni namba tu, tena ya gari lililotoka mnadani Japani. Kuna injini ya 250,000 iliyo safi na ya 120,000 iliyokwisha.

Ndugu mwenye IST, fanya hivi kabla hujanunua chochote. Simamisha gari sehemu tambarare, injini ikiwa na moto, zima, subiri dakika 10. Futa stiki, pima, jaza mpaka alama ya F (imejaa) isizidi. Andika kilomita. Tembea 1,000, rudi sehemu ileile, subiri dakika zilezile, kisha ongeza oili ukitumia chupa ya maji ya nusu lita uliyoichora mistari ya mililita 100. Kiasi ulichoongeza kufika F ndicho ilichokula.

Ikiwa ni chini ya mililita 300 kwa kilomita 1,000, injini yako ni nzima kwa umri wake, nenda na 5W-30 aliyosema Spana14. Kati ya 300 na 700, chukua 5W-40 au 10W-40 na utafute sababu. Ikifika lita moja, hapo hata kitabu cha Toyota kinaweka lita 1 kwa kilomita 1,000 kama mwisho, na oili ya bei mbaya utakuwa unaichoma kwenye egzosi. Sintetiki haikazi ringi wala hairudishi sili ya valvu iliyokauka. Bora mineral (oili ya kawaida isiyo sintetiki) nzuri ya 10W-30 au 15W-40 inayobadilishwa kwa wakati kuliko sintetiki ambayo mtu anaogopa kuimwaga kwa sababu ilikuwa ghali.

Na usipime oili kwa kutumia taa ya dashibodi. Ile taa nyekundu ni ya presha, haina habari na kiasi. Ikiwaka, kuna uwezekano beringi zimeshakaa bila oili.

DadaInjini

Pima_Kwanza yuko sahihi kuhusu kupima. Nimsaidie na vipimo viwili zaidi visivyo na gharama, maana oili inapotea kwa njia tatu tofauti na kila moja ina dawa yake.

Cha kwanza ni valvu ya PCV, ile inayonyonya hewa chafu kutoka kwenye kava ya valvu kwenda kwenye menifoldi. Ichomoe uitikise: ikiwa nzima inalia chaka-chaka. Ikiwa kimya imeganda kwa tope. Ikiganda imefunga, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia gasketi na sili. Hapo ndipo watu wanasema sintetiki imeleta kuvuja. Ikiganda imeachama, injini inanyonya oili moja kwa moja. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwenye gari la umri huu kibadilishe tu.

Cha pili: injini ikiwa silensa na ina moto, fungua mfuniko wa kujazia oili, weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikinyonywa taratibu, vizuri. Ikirushwa juu kwa kupigapiga huku moshi unatoka, gesi inapita kwenye ringi.

Moshi nao usomwe vizuri. Wingu la bluu la mara moja asubuhi, au ukishuka mlima Kitonga wa njia ya Iringa bila kukanyaga mafuta kisha ukakanyaga chini kule, ni sili za valvu: ukiachia pedali, menifoldi inavuta kwa nguvu na oili inashuka kwenye miongozo ya valvu. Moshi unaotoka muda wote gari likivuta mzigo mlimani ni ringi. Sili za valvu zinabadilishwa bila kufungua silinda hedi. Ringi ni kazi ya injini nzima.

Kuhusu sintetiki "kuosha". Hofu hiyo ina mzizi wa kweli. Sintetiki za zamani zenye PAO (mafuta yaliyoundwa kwa kemikali) zilikuwa zinafanya sili za mpira zisinyae kidogo, na oili zikapata jina baya. Watengenezaji walishaweka esta na viungo vingine vinavyozifanya sili zivimbe kidogo, wakasawazisha. Kinachotokea siku hizi ni kingine: gasketi ya kava imeshakauka na kupasuka, tope limeziba ufa, na oili yenye sabuni nzuri inaliondoa tope. Ufa ulikuwepo tayari. Kwa hiyo gasketi ya kava ya valvu ibadilishwe kabla, pamoja na sili nne za mashimo ya plagi. Ukiziacha zile nne, oili inajaa kwenye mashimo, inapanda kwenye koili, na gari linaanza kukosa silinda.

Angalia pia sehemu nyingine za 1NZ zinazolowa: oringi ya solenoidi ya VVT-i, swichi ya presha ya oili, na kava ya cheni ya taimingi upande wa mikanda, ambayo imefungwa kwa gundi bila gasketi. Unyevu wa kava ya cheni unaweza kuishi nao. Sili ya nyuma ya kranki ndiyo mbaya, maana gia boksi inashushwa.

Sasa kuhama kwenyewe. Fungua mfuniko wa oili, chungulia kwa tochi. Chuma kikiwa cha rangi ya dhahabu au kahawia nyepesi, hama moja kwa moja. Ukiona masizi mazito kama lami, usiweke dawa ya flashi. Flashi inabomoa tope kwa mkupuo, vipande vinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu. Injini inakufa kwa kukosa oili huku stiki inaonyesha imejaa. Tope litolewe polepole na oili yenyewe:

- Mzunguko wa kwanza: sintetiki au nusu sintetiki ya bei ya kati na filta mpya, mwaga baada ya kilomita 1,500. Itatoka nyeusi haraka. Ndiyo kazi yake.
- Mzunguko wa pili: oili uliyoikusudia, filta mpya, mwaga kwenye 3,000.
- Baada ya hapo nenda kwenye ratiba yako ya kawaida.

Katika mzunguko wa pili chomoa solenoidi ya VVT-i na kile kichujio chake cha wavu, uvioshe kwa spirei ya kusafishia breki. Dakika 20 za kazi, na mara nyingi P1349 inaishia hapo.

Kumwaga: washa injini dakika 5 ipate moto kidogo, zima. Bolti ya sampu ni spana 14. Acha oili idondoke dakika 10 hadi 15, usikimbilie kufunga. Washa ya bolti (namba ya Toyota 90430-12031) iwe mpya kila mara. Ya zamani imeshabanwa na ndiyo inafanya mafundi wakaze mpaka meno ya sampu yanakatika. Mkazo wa Toyota ni karibu 38 Nm, yaani mkono wa kawaida kwenye spana fupi, si kusimama juu yake.

Filta: hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nayo. Ukibaki umeganda kwenye bloku na ukafunga mpya juu yake, mipira miwili inateleza na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, zungusha mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Kujaza: 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Galoni ni lita 4. Mafundi wengi wanamimina yote ili wasirudishe galoni lenye kidogo. Ukizidisha sana, kranki inaipiga oili inakuwa povu, povu halibebi beringi, na PCV inanyonya inayobaki. Mimina 3.5, washa dakika moja, zima, subiri, pima, malizia. Zile mililita 300 ndizo za kuongezea safarini.

Mtaa_wa_Gerezani

Hamjagusa jambo moja: oili iliyo ndani ya hilo galoni. Kuchagua daraja sahihi hakuna maana kama galoni lilijazwa uchochoroni.

Neno "Fully Synthetic" peke yake halithibitishi mengi. Tangu mwaka 1999, baada ya mgogoro wa matangazo kati ya Mobil na Castrol kule Marekani, oili ya Kundi la III, ambayo ni mafuta ghafi yaliyosafishwa na kubadilishwa kwa nguvu ya haidrojeni, inaruhusiwa kuitwa sintetiki. Si vibaya, Kundi la III la leo ni zuri sana. Na "semi" haina asilimia iliyopangwa; inaweza kuwa na sintetiki kidogo mno. Kwa hiyo acha maneno makubwa ya mbele, soma vitu vitatu nyuma: uzito wa SAE, daraja la API, na ACEA kama ipo. SJ ni ya 1996, SL 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. IST ya 2004 ilitoka wakati wa SL, kwa hiyo SN inatosha kabisa. SP imeongeza kinga ya cheni na ya mlipuko wa mapema kwenye injini za tabo. Cheni unayo, tabo huna. Bei zikilingana chukua SP. Galoni lililoandikwa CF au CI-4 peke yake ni la dizeli, liache.

"High Mileage" si ujanja wa biashara mtupu. Zina viungo zaidi vya kulainisha sili na mara nyingi ziko juu kidogo ndani ya daraja lake la uzito. Zimeanza kuuzwa Marekani mwaka 2000, na watengenezaji wanazilenga kwa magari yaliyopita maili 75,000, kama kilomita 120,000. Kwa unyevu wa sili zinasaidia. Kwa gasketi iliyopasuka hazifanyi kitu. Huku kwetu nyingi zinaingia kwa mkono kutoka nje, na hapo ndipo naogopa.

Kutambua feki: ringi ya mfuniko ikatike mara ya kwanza unapofungua, na foili ya ndani iwe imebanwa sawasawa. Namba ya bechi na tarehe ziwe zimechapwa kwenye plastiki yenyewe, na ukiwa na galoni mbili za katoni moja zifanane. Lebo isiwe na mapovu. Alama ya duara ya API ina leseni nyuma yake, na API wenyewe wana orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, unatafuta jina dakika mbili. Nunua kituo cha mafuta cha kampuni husika au kwa wakala wake, uchukue risiti. Galoni tupu litoboe kwa bisibisi kabla ya kulitupa, maana yananunuliwa.

Kipimo cha nyumbani: weka kijiko cha oili kwenye chupa ndogo ya kioo, iache kwenye friza usiku mmoja, pamoja na chupa ya 20W-50. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri 5W ya kweli bado inatiririka ukiinamisha. 20W-50 inasogea kama asali nzito. "5W" yako ikifanana na hiyo ya pili, umeuziwa lebo. Haithibitishi viungo vyake, lakini mwongo wa uzito anaumbuka hapo. Kile kipimo cha tone kwenye karatasi na cha kusugua vidoleni hakisemi chochote kuhusu oili mpya.

Kiboko_NCP61

Nawashukuru sana, wakuu. Nimepima: kilomita 1,000 zimekula mililita 260. Karatasi inanyonywa. PCV ilikuwa kimya, imebadilishwa. Chini ya mfuniko ni kahawia, hakuna lami. Gasketi ya kava na zile sili nne zinawekwa Jumamosi. Nimepata 5W-30 yenye A3/B4 na API SN.

Maswali mawili ya mwisho. Nimwage kila kilomita ngapi? Na kaka yangu ana Premio ya 2003 yenye 1ZZ-FE inayokula lita 1.2 kila kilomita 1,000. Naye ahamie hii?

Spana14

260 ni injini nzima, na kwa PCV mpya pamoja na oili isiyovukiza sana itashuka kidogo. A3/B4 inaruhusiwa kupoteza kwa kuvukiza asilimia 13 tu kwenye kipimo cha Noack.

Ratiba: 5,000 au miezi 6, kimojawapo kikitangulia. Maelezo ya galoni yanayosema 10,000 na kuendelea ni ya barabara kuu na hewa safi. Foleni inazungusha injini saa nyingi kwa kilomita chache, na vumbi ni letu. Ukiwa unasafiri zaidi ya kuzurura mjini, 7,000 na filta ya hewa safi haina neno. Mbali ya hapo usiende kwa gari hili.

Ukikwama njiani na huna yako, ongeza oili yoyote ya petroli yenye API. Viwango vinataka zichanganyike bila kuganda, kwa hiyo nusu lita ya mineral haiharibu injini. Inapunguza ubora wa mzunguko huo tu. Mwaga mapema kidogo.

DadaInjini

Premio ya kaka ni ugonjwa mwingine kabisa. Pistoni za 1ZZ-FE za mwanzo zina matundu madogo na machache ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili. Yanaziba kwa masizi, ringi inaganda, na oili inabaki kwenye kuta za silinda na kuchomwa. Sintetiki ya bei haitazibua. Awekewe 10W-40 nusu sintetiki ya bei ya wastani, kwa sababu anachoma.

Kabla ya kuamua kufungua injini ajaribu kuloweka pistoni: injini ikiwa na moto, atoe plagi, amimine mililita 30 hadi 50 za dawa ya kusafishia masizi kwa kila silinda, aache usiku kucha. Asubuhi, plagi zikiwa bado nje na fyuzi ya EFI imetolewa, azungushe injini kwa stata mpaka kimiminika chote kitoke. Akirudisha plagi mapema, kimiminika hakibanwi, konekting rodi inapinda. Kisha amwage oili yote na filta, kwa kuwa dawa imeshashuka kwenye sampu. Arudie mara mbili halafu apime. Wengine wanashuka hadi nusu, wengine hakibadiliki kitu kwa sababu matundu yenyewe ni madogo. Hapo ni pistoni za toleo la baadaye na ringi mpya.

Wakati huo apime stiki kila kilomita 500 bila kukosa. Sampu ina lita 3.7. Kwa ulaji wake, kilomita 2,000 bila kuongeza zinamwacha na lita 1.3, na kwenye kona ya kwanza ya Kitonga pampu inavuta hewa. Aangalie pia plagi: silinda inayochoma zaidi plagi yake itakuwa nyeusi yenye unyevu, na akiacha hivyo miezi mingi katalisti nayo inaziba, gari linaanza kukosa nguvu mlimani na atafikiri ni gia boksi.

Pima_Kwanza

Kiboko, Jumamosi fundi akifungua kava mwambie afute kabisa gundi ya zamani kwenye zile kona mbili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi, aweke gundi mpya kidogo hapo ndipo alaze gasketi. Wengi wanaruka hapo, na baada ya wiki moja oili inatokea kwenye kona ileile.